Beti Zilizobaki Nje ya Santuri

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga. Na wapo wanaojibu kwamba ya kale ni dhahabu. Kila chombo cha sauti kilichoingia Unguja katika miaka mia moja iliyopita kimepokewa kwa kauli hizi mbili kwa pamoja. Barazani na mikahawani, watu wamebishana kuhusu gramafoni, redio, kaseti na simu kwa namna ileile: bei yake, kelele zake, nani ameweza kukinunua na nani anajionyesha nacho, na kama vijana wataharibika au la. Mabishano hayo yana utamu wake, na mengine yalikuwa na haki. Lakini lipo swali moja ambalo ni nadra kuulizwa, nalo linawahusu zaidi wapenzi wa mashairi: chombo hiki kinaruhusu beti ngapi?

Kabla ya vyombo hivyo, wimbo haukuwa na kipimo kingine isipokuwa pumzi ya mwimbaji na hamu ya wasikilizaji. Taarabu ilikuwa imeingia Unguja kutoka Misri katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na aliyempeleka Mohammed Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni. Klabu ya Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, na kwa muda mrefu nyimbo za hadhi ziliimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1911 alifika mjini mwanamke kutoka Fumba, mzaliwa wa miaka ya 1880 au karibu na hapo, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, akiuza vyungu. Huyo ndiye Siti binti Saad, ambaye baadaye aliitoa taarabu katika Kiarabu na kuitia katika Kiswahili, na kuishusha kutoka majumba ya wakubwa hadi nyumba za Ng'ambo. Katika nyumba hizo usiku ulikuwa mrefu. Ubeti uliopendwa ulirudiwa. Malenga aliyekuwapo aliweza kuongeza mwingine palepale. Na habari ya mtaani iliyotokea asubuhi iliweza kuwa wimbo kabla ya wiki kwisha.

Wakati huohuo chombo kilikuwa njiani. Emile Berliner alipata hataza ya gramafoni yake mwaka 1887, na mwanzoni mwa karne ya ishirini sahani zake zilikuwa zikizunguka dunia nzima. Zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu apatikanaye India na nchi jirani, uliochanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, nyeusi, zenye kuvunjika upesi kama kigae, na zilizunguka mara 78 kwa dakika. Mwenye gramafoni alizungusha mkono wa chuma ili kukaza utepe wa ndani, akaiweka sindano juu ya sahani, na sauti ikatoka. Santuri za mwanzo kusikika pwani hazikuwa za Kiswahili. Zilikuwa za Misri na za India, nazo zilinunuliwa na wenye uwezo. Aliyekosa uwezo alisikiliza kutoka dirishani mwa jirani au mkahawani, ambako mwenye mkahawa alijua kwamba santuri moja nzuri humkalisha mteja mpaka kikombe cha pili.

Mwaka 1928 mambo yaligeuka. Kampuni ya Gramophone, iliyojulikana zaidi kwa alama yake ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake, ilimwalika Siti na wenziwe Bombay ili warekodi. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu kampuni hiyo ianze kutumia maikrofoni na umeme badala ya ile pembe kubwa ambayo mwimbaji alilazimika kuipigia kelele, kwa hiyo sauti ya Siti ilinaswa kwa ufundi uliokuwa mpya kabisa duniani. Pamoja naye walikuwamo mafundi waliojulikana Unguja nzima, kama Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban. Katika miaka michache iliyofuata kundi hilo lilirekodi nyimbo zaidi ya 200, na kampuni nyingine zikaja pwani kutafuta waimbaji wao. Kwa mara ya kwanza mtu wa Lamu, wa Mombasa au wa Dar es Salaam aliweza kumsikia mwanamke wa Fumba akiimba kwa Kiswahili bila ya kupanda jahazi.

Ukubwa wa jambo hilo haufai kupunguzwa. Mwanamke ambaye ada za wakati ule zilimzuia kukaa hadharani usiku aliweza sasa kusikiliza wimbo ndani mwake. Mtu masikini aliweza kusikia sauti iliyokwisha kuwaburudisha masultani. Na lugha ya Kiswahili, ambayo baadhi ya wasomi wa wakati ule waliiona haifai kwa muziki wa hadhi, ilisimama kwenye sahani moja na Kiarabu na Kihindi, kwa bei ileile na alama ileile.

Walakini chombo kilikuwa na sharti lake. Upande mmoja wa sahani ya kawaida ya inchi 10 ulichukua dakika tatu na kitu. Sahani kubwa ya inchi 12 ilifika dakika nne au tano. Hesabu si ngumu. Mstari wa mizani 16, ukiimbwa kwa utuvu wa taarabu, huweza kuchukua sekunde 10. Ukirudiwa, ni sekunde 20. Ubeti wa mistari mitatu basi hula dakika nzima. Ukitoa nafasi ya ala kutangulia na kiitikio kujibu, utaona kwamba upande mmoja wa sahani hauwezi kubeba zaidi ya beti mbili au tatu. Wimbo ulioweza kugawanywa pande mbili ulipata nafasi maradufu, lakini msikilizaji alilazimika kuinuka, kuigeuza sahani na kuzungusha mkono upya, na hisia zikakatika katikati. Beti nyingine, hata zikiwa nzuri namna gani, zilibaki nje.

Hapa ndipo penye hasara ambayo mabishano ya barazani hayakuigusa. Anayejua ushairi wa Kiswahili anajua kwamba malenga hamalizi hoja yake katika ubeti wa pili. Ubeti wa kwanza hufungua mlango. Wa pili na wa tatu huonyesha jambo kwa mafumbo. Na mara nyingi ni ubeti wa mwisho unaolifungua fumbo, au unaolifunga kabisa ili mwenye akili alichukue nyumbani. Wimbo uliokatwa dakika ya tatu huenda ukabaki na utamu wote na kupoteza nusu ya maana. Kibaya zaidi, kilichomo ndani ya santuri kilipata heshima ya maandishi. Vizazi vilivyojifunza wimbo kutoka kwenye sahani viliamini kwamba wimbo ndio ule, beti tatu na kiitikio, na aliyeongeza ubeti wa nne aliambiwa kwamba amekosea.

Beti zilizobaki nje hazikufa siku ileile. Zilikwenda mahali pawili. Kwanza, zilikaa vifuani mwa watu, hasa wanawake waliozijua kwa kuziimba harusini na jikoni. Pili, zilikaa katika madaftari ya watungaji na wapenzi, mengine yakiwa kwa hati za Kiarabu, yakihifadhiwa sandukuni pamoja na hati za nyumba na nguo za sikukuu. Hifadhi hizi mbili hazikuwa na sharti la dakika. Zilikuwa na sharti moja tu, kwamba aliyezishika awe na wa kumwachia.

Redio ilipokuja, sharti la dakika lililegea. Sauti ya Unguja ilianza kutangaza mwaka 1951, na stesheni haikuwa na haja ya sahani pekee: iliweza kuwaita wanamuziki studioni na kuwarekodi kwenye utepe mrefu. Kwa wakati huo Cairo ilikuwa ikirusha hewani tamasha za Umm Kulthum, ambaye wimbo wake mmoja uliweza kupita saa nzima, na wapenzi wa pwani waliosikiliza matangazo hayo walipata hakika kwamba urefu si kosa. Redio ndogo za transista, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, zilienea pwani katika miaka ya 1960, na kwa betri chache tu mvuvi wa kijijini akawa sawa na mtu wa mjini. Tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi, Wazanzibari wengi waliyajua yaliyotokea kwa kutega sikio kwenye chombo hicho. Hata hivyo redio nayo ilikuwa na mlinzi wake mlangoni. Wimbo usiopendeza kwa wakubwa, wa enzi hii au ile, haukupigwa, na usiopigwa ulianza kusahauliwa.

Kaseti ndiyo iliyomwondoa mlinzi huyo. Kampuni ya Philips iliionyesha kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 na 1980 redio kaseti ikawa fahari ya nyumba, ikifunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi. Kanda ya dakika 60 au 90 ilibeba usiku mzima wa taarabu, pamoja na vigelegele, kikohozi cha mzee wa mbele na ubeti uliorudiwa kwa sababu mtu ametunza. Kwa mara ya kwanza msikilizaji mwenyewe akawa mrekodi. Kanda zilisafiri mifukoni mwa abiria hadi Muscat na Dubai, na kurudi na salamu. Watu walijifunza kuzirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, na betri zilizochoka zikaanikwa juani ili zipate nguvu ya siku moja zaidi.

Lakini kilichorudisha urefu kilileta hasara ya aina yake. Kanda moja ilizaa kanda mia, na mtungaji hakupata hata senti kwa hizo tisini na tisa. Zanzibar ilipata sheria yake ya hakimiliki mwaka 2003, wakati kaseti yenyewe ilikuwa tayari inaelekea kuondoka. Na kwa kuwa kanda tupu iligharimu fedha, kanda ya zamani ilirekodiwa juu yake. Usiku mmoja wa mwaka 1975 ulifutwa ili kupisha usiku wa 1992, bila ya mtu kudhamiria ubaya wowote. Santuri ilikata beti mwanzoni, kabla hazijaingia. Kaseti iliziingiza zote, kisha ikazifuta mmoja mmoja majumbani, pasipo shahidi.

Kisha ukaja mtihani ambao Waunguja hawajausahau. Umeme wa kisiwa hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waya huo hutokea nchi kavu upande wa Fumba, pwani ileile alikozaliwa Siti. Mwezi wa Mei 2008 mkondo huo ulikatika, na Unguja ikakaa gizani takriban mwezi mmoja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ulikatika tena, safari hii kwa miezi mitatu. Friji zilinyamaza, pampu za maji zilinyamaza, na waliokuwa na jenereta walitoza fedha ili kuchaji simu za wenzao. Hasara ya biashara ilizungumzwa sana, na kwa haki. Lakini katika muda huo lilidhihirika pia jambo jingine: nyumba iliyoweka nyimbo zake zote ndani ya mashine haikuwa na wimbo. Nyumba yenye bibi anayekumbuka, au yenye daftari na taa ya chemli, ilikuwa nao.

Leo simu ya mkononi imevimeza vyombo vyote vilivyotangulia. Ni santuri, redio, kaseti na daftari kwa pamoja, na maneno yanayosemwa juu yake barazani hayatofautiani sana na yaliyosemwa juu ya gramafoni. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba kipimo kimerudi, tena kimekaza zaidi. Kipande cha wimbo kinachotumwa kwa marafiki aghalabu hakifiki hata zile dakika tatu za mwaka 1928. Mara nyingi ni kiitikio peke yake, mpasho bila ya hoja iliyouzaa. Tofauti ni kwamba safari hii kipimo hakitoki kiwandani. Simu hiyohiyo ina nafasi ya kubeba diwani nzima na sauti ya mzee akisoma kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ufupi wa leo ni chaguo la mtumiaji.

Mwaka 2007 kampuni moja ya Uingereza, Topic Records, ilitoa diski ya nyimbo za Waswahili wa Tanzania na Kenya za miaka ya 1920 hadi 1950, zilizotunzwa katika Maktaba ya Uingereza. Ni jambo la kushukuriwa, kwani sauti zile zingeweza kuvunjika pamoja na sahani zake. Lakini London haiwezi kutunza kile ambacho Bombay haikukirekodi. Beti zilizobaki nje ya santuri, kama zipo bado, zipo kisiwani na pwani: katika daftari lililoliwa na mchwa pembezoni, au katika kifua cha mtu anayeitwa na wajukuu kila Idi na haulizwi chochote. Siti alifariki mwaka 1950, na walioimbiwa naye uso kwa uso wamekwisha. Waliofundishwa na hao bado wapo wachache. Simu ya kuwarekodi iko mfukoni mwa kila mjukuu, nayo haina haja ya kuigeuza upande wa pili.