Namba 65: Sokwe wa Kameruni Aliyemtangulia Gagarin

Ukiuliza nani alifika anga za juu kwanza, wengi watakutajia Yuri Gagarin. Kama unaongea kuhusu binadamu, wako sawa. Tarehe 12 Aprili 1961 Mrusi huyo aliizunguka dunia mara moja, akarudi mzima. Lakini siku 71 kabla yake, Wamarekani walikuwa wamemrusha abiria wao. Alikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu hivi, uzito wa kilo 17, na alizaliwa Kameruni. Siku aliyopaa, kwenye makaratasi aliitwa tu Namba 65. Alikuwa sokwe mtu.

Mimi ni mtu wa roketi. Nimekesha na simu mara nyingi nikingojea chombo kirushwe Florida, bando likikatika hesabu ikiwa imebaki sekunde kumi. Kwa hivyo usidhani nimekuja kuponda safari za anga. Nazipenda. Ndiyo maana nataka tujue nani alilipa nauli.

Turudi 1957. Mwezi wa Oktoba, Urusi ya wakati huo, yaani Muungano wa Kisovieti, ilirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza ya dunia. Mwezi uliofuata ikampeleka Laika, mbwa aliyeokotwa kwenye mitaa ya Moscow. Chombo chake hakikuwa na njia ya kurudi. Kwa miaka mingi ulimwengu uliambiwa kwamba aliishi siku kadhaa huko juu. Mwaka wa 2002 ndipo ukweli ulipotoka: alikufa kwa joto saa chache tu baada ya kuondoka.

Mwaka huohuo wa 1957, msichana Mwingereza wa miaka 23 aliwasili Kenya kumtembelea rafiki yake. Aliitwa Jane Goodall. Hakuwa na digrii, lakini alikuwa na hamu kubwa ya wanyama, na hapa Nairobi akakutana na Louis Leakey, aliyekuwa akisimamia makumbusho ambayo leo tunayajua kama Makumbusho ya Taifa. Na karibu na wakati huo, katika Kameruni iliyokuwa bado chini ya Ufaransa, sokwe mmoja alizaliwa msituni.

Hawa wawili hawakukutana. Lakini ukiweka maisha yao sambamba, utaona kitu.

Yule sokwe alikamatwa akiwa mtoto. Biashara hiyo ilikuwa na utaratibu wake, na ni mbaya kuusimulia: mtoto wa sokwe hashiki mkono wa mtu akamfuata, anang'ang'ania mgongo wa mama yake, kwa hivyo wawindaji kwa kawaida walimpiga mama risasi kwanza. Akavushwa bahari hadi kwa wafanyabiashara wa wanyama huko Miami, na Julai 1959 Jeshi la Anga la Marekani likampeleka kwenye kambi yake ya Holloman, katika jangwa la New Mexico.

Pale alifundishwa kazi. Aliketishwa kwenye kiti, akafungwa mikanda, mbele yake kukiwa na taa na nyenzo mbili za kuvuta. Taa ikiwaka, avute wenzo unaofaa kwa wakati unaofaa. Akipatia, anapewa kidonge chenye ladha ya ndizi. Akikosea, anapigwa shoti ya umeme kwenye nyayo. Sokwe 40 walianza, wakachujwa wakabaki 18, kisha sita. Waliomlea walikuwa na majina yao ya utani kwake, lakini rasmi alikuwa Namba 65. Wakubwa walihofia magazeti: mnyama mwenye jina akifa, watu wanalia. Namba ikifa, ni ripoti.

Sasa njoo huku kwetu. Julai 1960, Goodall alipiga kambi Gombe, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, kilomita chache kutoka Kigoma. Leakey ndiye aliyemtuma. Kwa miezi mingi sokwe walikuwa wakimwona wanakimbia. Kisha mmoja, dume mwenye ndevu nyeupe, akaanza kumvumilia. Goodall akampa jina David Greybeard. Wataalamu wa Cambridge walikuja kumkemea kwa tabia hiyo: mnyama wa utafiti apewe namba, si jina. Yeye akaendelea na majina.

Novemba 1960 alimwona David Greybeard amechuchumaa kwenye kichuguu. Alikuwa anaingiza jani la nyasi kwenye tundu, anangoja, analitoa likiwa limejaa mchwa, anawala. Siku zilizofuata aliona sokwe wakichukua vijiti na kuvipukutisha majani kwanza ili viingie vizuri. Yaani wanatengeneza chombo cha kazi. Wakati huo vitabu vilisema kutengeneza vyombo ndiko kunakomtenga binadamu na wanyama wote. Leakey alipopata habari, aliona mara moja kwamba lazima kitu kimoja kibadilike: maana ya chombo, maana ya binadamu, au hesabu ya nani ni binadamu.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu tu kabla ya Namba 65 kufungwa mikanda.

Tarehe 31 Januari 1961, Cape Canaveral. Roketi aina ya Redstone iliondoka karibu saa sita mchana, na karibu kila kitu kikaenda kombo. Injini ilisukuma kupita kiasi, mafuta yakaisha mapema, na roketi ndogo ya dharura ikajiwasha na kukivuta chombo kwa kasi zaidi. Walipanga afike kilomita 185 juu, akafika 253. Hewa ikaanza kuvuja ndani ya chombo. Kilichomwokoa ni kwamba yeye alikuwa amefungiwa ndani ya kasha lake lenye hewa yake. Kwa zaidi ya dakika sita hakuwa na uzito. Na muda wote huo, jamani, alivuta nyenzo zake, akichelewa kidogo tu kuliko alivyofanya kule kambini.

Safari nzima ilichukua dakika 16 na nusu hivi. Chombo kilianguka katika Bahari ya Atlantiki mbali na meli zilizokuwa zikimsubiri, kikatoboka, maji yakaanza kuingia. Helikopta ilipokifikia, kilikuwa kimebeba mamia ya kilo za maji. Walipokifungua, wakamkuta hai, na jeraha dogo puani. Akala tofaa.

Baada ya hapo ndipo dunia ilipopewa jina lake: Ham, herufi za kwanza za maabara ya Holloman. Alipewa jina baada ya kupona.

Picha zilisambaa. Kuna ile maarufu ambapo ameonyesha meno yote, na magazeti yakaandika kwamba anatabasamu. Goodall, ambaye kufikia hapo alijua kusoma nyuso za sokwe, alisema baadaye kwamba hajawahi kuona hofu kubwa kama ile kwenye uso wa sokwe. Meno yale si kicheko. Na Ham mwenyewe alitoa maoni yake: alipoonyeshwa tena chombo kile, walimu wake waliona wazi kwamba hataki mchezo huo tena.

Mei 1961 Alan Shepard akawa Mmarekani wa kwanza kwenda angani. Novemba hiyo sokwe mwingine, Enos, aliizunguka dunia mara mbili. Mtambo wake uliharibika ukawa unampiga shoti hata akipatia. Aliendelea kujibu sawasawa. Mwaka uliofuata alikufa kwa ugonjwa wa kuhara damu. Ham alipelekwa bustani ya wanyama ya Washington mwaka 1963, akakaa miaka 17, muda mrefu akiwa peke yake. Kwa sokwe, ambaye maisha yake yote ni kundi, hicho ni kifungo. Mwaka 1980 alihamishiwa North Carolina, huko hatimaye akapata wenzake. Alikufa Januari 1983. Kulikuwa na wazo la kumjaza pamba awekwe kwenye maonyesho, watu wakapiga kelele, likaachwa. Mifupa yake ikabaki kwenye makumbusho ya tiba, na mabaki mengine yakazikwa New Mexico.

Kwa hiyo tuseme nini? Watu wengine husema bila Ham pengine Shepard angekufa. Inawezekana. Mimi nasema deni haliishi kwa sababu lilikopwa kwa jambo zuri. Na ona jinsi hoja ilivyojila yenyewe: walimchagua sokwe kwa sababu anafanana sana na sisi, kisha wakamtendea vile kwa sababu eti hafanani na sisi.

Deni hilo limeanza kulipwa kidogo kidogo, na sehemu moja ya malipo iko hapa kwetu. Desemba 2015, ndovu dume aitwaye Morgan alivalishwa kola ya kumfuatilia upande wa Mto Tana. Mapema 2016 akaanza kutembea kuelekea kaskazini. Mchana alijificha vichakani, usiku alikaza mwendo, kama mtu anayejua kwamba njia ina majangili. Alipita zaidi ya kilomita 200 hadi akavuka mpaka na kuingia Somalia, ambako ndovu hakuwa ameonekana kwa miaka 20. Akakaa muda mfupi, akageuka, akarudi.

Tumejua yote hayo kwa sababu ya setilaiti. Vita vilikatisha njia za ndovu, vizazi vikapita, na bado ndovu huyu aliikumbuka njia. Hakuna aliyemfunga kwenye kiti wala kumpa ndizi. Safari hii mashine ndiyo iliyokwenda juu, na mnyama akaachwa aende anakotaka.