Mzee Segal na Nyumba ya Wiki Mbili

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba zisizokwisha. Leo chumba cha uani, mwakani kibaraza. Lakini nyumba ya tofali ukitaka kuipanua sharti uanze kubomoa, na ukuta ukiguswa vibaya paa nalo linakufuata. Kuna mzee mmoja wa London aliyelitazama tatizo hili kwa jicho lingine, na naona vijana tumjue.

Jina lake Walter Segal, mtoto wa mchoraji, aliyezaliwa Berlin mwaka 1907. Mwaka 1936 alihamia Uingereza, akafanya kazi ya usanifu majengo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akataka kubomoa nyumba yake ya Highgate aijenge upya. Sasa familia ilale wapi? Akasimamisha kijumba cha mbao bustanini kwa muda wa wiki mbili hivi, kwa pauni kama 800. Wala si uchawi, bwana! Mbao na mabamba aliyatumia kwa vipimo vilevile vya dukani, bila kuyakatakata, ili baadaye ayafungue na kuyauza. Nguzo alizikalisha juu ya vibamba vya saruji vya kutandazia njia. Hapakuwa na tofali wala plasta. Nyumba kubwa ikaisha, kijumba cha muda kikagoma kuondoka; kikasimama miaka na miaka.

Mwaka 1976 Halmashauri ya Lewisham, kusini-mashariki mwa London, ilikubali kujaribu mtindo wake kwenye viwanja vilivyoshindikana: vidogo, vya mteremko, vyenye udongo mbovu. Wajenzi walikuwa watu wa kawaida kutoka kwenye foleni ya nyumba za halmashauri, wengi wao hawajawahi kujenga hata banda la kuku. Makaratasi yaliwazungusha mpaka 1979. Kazi ilipoanza, fremu ziliunganishwa kwa bolti zikiwa zimelala chini, kisha majirani, wake kwa waume, wakaziinua pamoja.

Utamu wenyewe uko hapa: uzito wote hubebwa na nguzo, ukuta haubebi kitu. Kwa hiyo ukuta unaweza kuhamishwa, dirisha likageuka mlango, chumba kikaongezwa bila paa kushtuka. Segal alifariki mwaka 1985. Mtaa mmoja wa nyumba 13 ukaitwa Walters Way kwa heshima yake, na wakazi wa huko wamekwisha kuzipanua nyumba zao kadiri familia zilivyokua.

Msomaji mwenzangu wa Pwani, hujaisikia habari hii mahali? Nyumba zetu za miti na udongo ndivyo zilivyo. Nguzo hubeba paa. Fito na udongo ni nguo tu ya kusitiri. Babu zetu waliijua hesabu hiyo bila kwenda Berlin. Sisi tukafundishwa kuiita nyumba ya kimaskini, tukaionea haya.

Sisemi sote tukimbilie mbao. Mchwa wa kwetu hawana utani. Ninachosema ni kwamba watu wa Lewisham hawakukabidhiwa funguo. Walipewa kiwanja, vipimo, na mzee aliyekubali kuwaeleza kwa lugha nyepesi. Yaliyobaki waliyafanya kwa mikono yao. Kijana anayelipa kodi ya chumba kimoja mwaka wa kumi sasa hashindwi kujenga. Anakosa vitu hivyo vitatu tu.