Mwanga Mwingi, Macho ya Nani? Historia Fupi ya Taa za Mbele

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee balbu. Ndiyo, balbu, hizi hizi za taa za mbele za gari. Shangazi yangu anaishi Ngerengere, na huwa naenda kumwona kwa kigari changu, Toyota ya miaka ya tisini iliyoshuka kutoka Japani ikiwa imeshazeeka. Taa zake ni za njano na zimechoka. Kila ninayemweleza ana jibu lile lile: "Weka zenoni, ndugu yangu, usiku utakuwa mchana!" Mtaniambia nipande treni ya SGR, ambayo imeanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro mwaka 2024 na ina kituo Ngerengere. Sawa, lakini magunia ya shangazi nayabebaje?

Basi kabla ya kutoa hela nikaenda kuchimba. Binadamu ametafuta taa kali zaidi tangu lini, na kila alipoipata kilitokea nini?

Tuanzie hapo hapo Ngerengere. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Ngerengere ikawa moja ya stesheni zake. Sasa fikiria taa ya treni ile. Reli ni ya njia moja, kwa hiyo treni mbili hupishana stesheni, moja ikiwa imesimama pembeni. Hakuna dereva wa treni anayemulikwa usoni na mwenzake katikati ya pori. Akimulikwa, basi mwanga ndiyo shida ndogo kuliko zote siku hiyo!

Gari halina bahati hiyo. Barabara ya Morogoro, sehemu kubwa ya njia, ni safu moja ya kwenda na moja ya kurudi, na katikati kuna mstari wa rangi tu. Hapo ndipo historia ya taa za mbele inapokuwa na utamu.

Magari ya mwanzo yalitumia taa za gesi ya asetilini, ile inayopatikana kwa kudondoshea maji kwenye kabidi. Upepo na mvua vilizisumbua. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa gari lenye taa za umeme pamoja na stata ya umeme, na wengine wakafuata. Mwanga ukaongezeka, na papo hapo malalamiko yakaanza: madereva walikuwa wanapofushana. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Osram ya Ujerumani ikaleta balbu ya Bilux, yenye nyaya mbili ndani ya kioo kimoja, waya mmoja wa fulu na mwingine wa dimu. Mwaka 1957 Ulaya ikaongeza ujanja mwingine: dimu iliyokatwa upande. Upande wa anayekuja mwanga unakaa chini, upande wa pembeni ya barabara unapanda kidogo ili uwaone waenda kwa miguu.

Mmeona mtiririko? Kila mwanga ulipoongezwa, ilibidi mtu akae chini atafute namna ya kuuzuia usifike mahali fulani.

Turudi nyumbani. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi, na Zambia ikajikuta imekatiwa njia ya mafuta. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro na Iringa, mpaka Zambia. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi, na masika ilikuwa tope. Wageni waliibatiza jina la njia ya jehanamu, na walikuwa na sababu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968 mzigo ukapungua, kisha ikaja lami, kisha reli ya TAZARA. Lakini ndiyo miaka iliyoifanya barabara hii kuwa ya malori, usiku na mchana. Na ukishaipita Morogoro unaingia Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambako twiga na tembo hawasubiri zebra kuvuka.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, aliyashinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Magari ya Safari yalipachikwa taa za ziada pembeni mwa boneti, zikawashwa hata mchana ili watu wayaone mapema kwenye vumbi. Sitashangaa mapenzi yetu ya spotilaiti yakiwa yametokea huko. Tofauti ni kwamba dereva wa rali anakimbizana na saa, sisi wengine tunapishana na basi la abiria 60.

Halafu ikaja halojeni. Balbu ya zamani ilikuwa na tatizo: waya wa tungsteni ukipata moto unatoa mvuke unaoganda kwenye kioo na kukitia weusi. Ukiweka ndani iodini au bromini, ule mvuke unarudishwa kwenye waya. Waya unaweza kuwaka kwa joto kubwa zaidi, mweupe zaidi, bila kioo kuwa cheusi. Ulaya ilianza kutumia halojeni kwenye magari mwaka 1962 kwa balbu ya H1, na mwaka 1971 ikaja H4, yenye fulu na dimu pamoja. Ndiyo hii iliyomo kwenye kigari changu: wati 60 fulu, wati 55 dimu. Ukiichungulia utaona chini ya waya wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe kile ndicho kinachozuia mwanga usipande kwenye macho ya anayekuja.

Sasa tuje kwenye zenoni. BMW iliitoa kiwandani mwaka 1991. Balbu ya zenoni ya wati 35 inatoa mwanga wa lumeni 3,200 hivi, wakati halojeni ya H7 ya wati 55 inatoa 1,500. Inavutia, sivyo? Lakini zenoni ya kiwandani inakuja na taa iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ukichukua balbu ya zenoni ukaichomeka kwenye taa ya halojeni, chanzo cha mwanga hakikai pale riflekta ilipokitarajia. Mwanga unatawanyika kila upande, mpaka juu ya miti. Dereva anaona kweupe mbele ya boneti na anafurahi. Anayekuja haoni kitu. Balbu za LED za kuchomeka zina mtihani huo huo. Ujerumani iliruhusu za kwanza mwaka 2020 tu, na kwa aina za magari zilizopimwa.

Fanya hesabu. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Mtu akikupofusha sekunde 3, umeshatembea mita 66 bila kuona. Katika mita hizo kuna baiskeli ya makaa isiyo na taa, au lori lililoharibika na kuwekewa matawi ya miti kama onyo. Na usiku barabara haiko tupu tena: mabasi ya abiria yaliyozuiwa kusafiri usiku tangu miaka ya 1990 yaliruhusiwa kwenda saa 24 kuanzia Oktoba 2023.

Kuna na wale wanaoshauri H4 ya wati 100 kwa 90. Fulu mbili za wati 60 zinakula ampea 10. Za wati 100 zinakula karibu 17, kupitia nyaya na swichi zile zile. Waya unayeyuka, na joto linababua riflekta.

Kwa hiyo nimechagua hivi. Nanunua H4 mpya ya wati 60 kwa 55, ya kampuni inayoeleweka, isiyopakwa rangi ya bluu, maana rangi hiyo inakula mwanga. Navuta waya mpya kutoka kwenye betri kupitia rilei. Halojeni ikipungukiwa umeme kwa asilimia 10 inapoteza karibu theluthi ya mwanga wake, na gari la umri wa langu lina nyaya zilizochoka. Nang'arisha plastiki ya taa iliyoingia ukungu. Mwisho naelekeza taa ukutani: mita 10 kutoka ukutani, mstari wa dimu uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe.

Bahati nzuri Japani nao wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo dimu ya taa zao inapanda upande wa kushoto, kwenye baiskeli na waenda kwa miguu. Ukinunua taa iliyotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, inapanda kulia, moja kwa moja kwenye uso wa mwenzako. Uliza kabla ya kulipa.

Ni kazi ya nusu siku, na hakuna atakayenisifia kwamba gari langu linawaka kama ndege. Atakayefaidi ni dereva nisiyemjua, tukipishana pale Ubena Zomozi saa 4 usiku, kila mmoja akiona upande wake. Mwenye fundi mzuri wa nyaya maeneo ya Msamvu anielekeze.