Kutoka Uvira Kwenda Juu
Nikipanga safari ya pikipiki kutoka Uvira hadi Bukavu, nakagua mnyororo na tairi la nyuma, kisha naulizia njia kwa madereva wanaoshuka kutoka Kamanyola. Wavumbuzi Burton na Speke, waliotafuta chanzo cha Nile, nao waliuliza. Aprili 1858 walifika hapa kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakakwama: wapiga makasia walikataa kusonga mbele, na wenyeji wakawaambia mto Ruzizi unaingia Ziwa Tanganyika, hautoki. Mwaka 1871 wavumbuzi wengine, Livingstone na Stanley, wakaenda mdomoni mwa mto kuhakikisha. Kumbe wenyeji walishasema, ila nani aliwasadiki! Mimi nawasadiki. Madereva wakisema barabara ya mlima ya Ngomo ina tope, navukia Bugarama, upande wa Rwanda, kwenye lami. Karatasi za mpakani nazifunga kwenye nailoni chini ya kiti.