UZI: Ni kweli uwazi ndio uliovunja Muungano wa Kisovieti?

1. Mjadala wa siasa ukipamba moto hapa kwetu, lazima mtu aseme: "Mambo mengine ya serikali si ya kuanikwa. Wasovieti walifungua kila kitu, na nchi yao iko wapi leo?" Mimi mwenyewe nilishinda mdahalo shule ya upili kwa hoja hii hii. Leo nairudia, maanake nimekuja kuona nilikuwa nimekosea.

2. Kanuni za huu uzi mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama, hata wa ng'ambo. Kwa hivyo aliyeshika uongozi wa Sovieti Machi 1985 nitamwita Katibu Mkuu, na chama pekee kilichoruhusiwa kule nitakiita Chama. Ukitaka kuleta majina kwa majibu, shauri yako.

3. Maneno mawili kwanza. Perestroika ni kujenga upya, yaani kurekebisha uchumi na utawala. Glasnost tumezoea kuiita uwazi, na si vibaya, lakini mzizi wake ni neno la sauti. Ni jambo kusemwa hadharani badala ya kunong'onwa jikoni.

4. Sasa swali. Mtu anayetawala bila mpinzani anautakia nini uwazi? Si kwamba aliamka asubuhi akapenda demokrasia. Katibu Mkuu alikuwa na shida ya kikazi kabisa: alikuwa juu ya dola kubwa yenye silaha za nyuklia, na hakuwa na njia ya kujua nchi yake inazalisha nini hasa.

5. Uchumi wote ulipangwa Moscow na ofisi iliyoitwa Gosplan. Kila kiwanda kilipewa kiwango. Ukikifikia, unapata marupurupu. Usipokifikia, kiti chako kinatikisika. Haya, wewe ni meneja na umefikisha 80 badala ya 100. Utaandika nini kwa ripoti? Na bosi wako, ambaye naye anapimwa kwa ripoti yako, atakuuliza maswali? Thubutu!

6. Mfano ni pamba ya Uzbekistan. Kwa miaka, wakubwa wa huko waliripoti mamia ya maelfu ya tani ambazo hazikuwahi kuota popote. Moscow ilikuwa inalipa pesa halisi, na pesa zinagawanwa kuanzia shambani hadi ofisi za juu. Sisi tuna wafanyakazi hewa, wao walikuwa na pamba hewa. Uchunguzi ulipofanywa miaka ya 1980, maelfu ya maafisa walipoteza kazi.

7. Uongo kama huo ulidumu kwa sababu kulikuwa na mafuta. Kuanzia miaka ya 1970 Sovieti iliuza mafuta nje, na kwa hizo dola ikanunua ngano, hata kutoka kwa adui wake Marekani. Halafu kati ya mwisho wa 1985 na katikati ya 1986 bei ya mafuta ikashuka zaidi ya nusu. Pesa za kuziba mashimo zikaisha.

8. Katikati ya hayo ikaja Chernobyl. Tarehe 26 Aprili 1986, saa saba na dakika 23 usiku, kinu cha nyuklia kililipuka. Mji wa Pripyat ulikuwa kilomita chache tu kutoka hapo. Jumamosi hiyo yote watu waliendelea na shughuli zao, watoto wakicheza nje. Walihamishwa kesho yake mchana.

9. Dunia ilijuaje? Jumatatu, tarehe 28, vifaa vya kupima mionzi kwenye kituo kimoja cha nyuklia Uswidi vilianza kulia. Usiku huo runinga ya Sovieti ikasoma taarifa fupi mno. Mei Mosi, gwaride la Kyiv likafanyika kama kawaida, watu wakiwa na watoto wao. Katibu Mkuu alihutubia taifa tarehe 14 Mei, siku 18 baada ya mlipuko.

10. Siri hiyo ilimlinda nani? Adui alishajua kutoka Uswidi. Aliyefichwa ni mama wa Pripyat aliyeacha mtoto akicheza kwenye vumbi. Tena hata wakubwa walidanganywa, maanake ripoti za kwanza kwenda juu zilidai kinu chenyewe hakijaharibika. Ni ile ile pamba hewa, ila safari hii ilikuwa na mionzi.

11. Baada ya Chernobyl uwazi ukashika kasi. Desemba 1986 mwanafizikia Andrei Sakharov, mshindi wa Nobel ya Amani aliyekuwa amefungiwa mji wa Gorky tangu 1980, akaruhusiwa kurudi Moscow. Vitabu vilivyofichwa miongo mingi vikachapishwa. Gazeti la Argumenty i Fakty, kufikia 1990, lilikuwa linatoa zaidi ya nakala milioni 33. Watu walikuwa na kiu.

12. Mnaipenda hii: mwaka wa 1988 mitihani ya historia shuleni ilifutwa nchi nzima, kwa sababu vitabu vya kiada vilikuwa vimejaa uongo na haingewezekana kumpa mtoto alama kwa kuukariri. Fikiria wizara yetu itangaze kwamba historia haitafanywa KCSE mwaka huu, tusubiri ukweli uandikwe.

13. Mwaka huo huo serikali ilikiri hadharani kwamba bajeti yake ina nakisi kubwa. Kwa miaka mingi ilikuwa inatangaza ziada. Hebu soma hiyo tena. Nakisi haikuzaliwa siku ilipotangazwa.

14. "Lakini baada ya hapo nchi si ilivurugika?" Ndio, na hapa lazima tutenganishe mambo mawili, uwazi na ule ukarabati wa uchumi. Uwazi ulisonga mbio. Ukarabati ulienda nusu nusu, na kwingine ulikuwa makosa matupu.

15. Kosa la kwanza lilikuwa vita dhidi ya pombe, kuanzia Mei 1985. Nia ilikuwa nzuri, walevi walikuwa wengi. Lakini kodi ya vodka ilikuwa nguzo ya bajeti, na mapato hayo yakaporomoka. Watu wakaanza kupika yao nyumbani, sukari ikapotea madukani. Mkenya yeyote anayejua historia ya chang'aa angewaambia mapema.

16. La pili lilikuwa sheria ya mashirika ya umma iliyoanza kutumika Januari 1988. Viwanda vikapewa uhuru zaidi wa kupandisha mishahara, lakini bei za bidhaa bado zikabaki zimefungwa na serikali. Matokeo? Noti zimejaa mfukoni na rafu ziko tupu. Foleni zikawa ndefu kuliko zamani.

17. Julai 1989 wachimba makaa ya mawe wa Mezhdurechensk, huko Siberia, waligoma. Mgomo ukaenea hadi Donbas, Ukraine, mamia ya maelfu ya watu. Kati ya madai yao kulikuwa na sabuni. Mtu anatoka shimoni akiwa mweusi tii na hana sabuni ya kuoga, katika nchi inayopeleka watu anga za juu. Si magazeti yaliyomaliza hiyo sabuni. Yaliwapa wachimbaji tu nafasi ya kusema imeisha.

18. Siasa nayo ikafunguka. Uchaguzi wa 26 Machi 1989 ndio wa kwanza kwa miongo mingi ambapo wapiga kura wengi walikuwa na chaguo. Kuna vigogo wa Chama waliosimama peke yao, bila mpinzani, na bado wakaanguka, kwa sababu ilikuwa lazima upate zaidi ya nusu ya kura na watu walikata jina lao kwa kalamu. Vikao vya Mei vilipoonyeshwa moja kwa moja, watu waliacha kazi wakatazama runinga.

19. Sasa nifike mahali ambapo wapinzani wa uwazi wana hoja, na nitawapa haki yao. Nchi za Baltiki, yaani Estonia, Latvia na Lithuania, ziliingizwa ndani ya Sovieti baada ya mapatano ya siri na Ujerumani mwaka wa 1939. Moscow ilikana kwamba hayo mapatano yapo. Tarehe 23 Agosti 1989, miaka 50 kamili, watu kama milioni mbili walishikana mikono mstari mmoja kupitia nchi zote tatu. Desemba mwaka huo bunge la Sovieti likakubali: ndio, yalikuwepo.

20. Uwazi ulifungua hilo kabati, sikatai. Na si kila mahali mambo yalikuwa ya kushikana mikono. Damu ilimwagika Sumgait 1988, Tbilisi 1989, Baku 1990 na Vilnius 1991. Lakini umoja unaosimama mradi karatasi fulani isionekane, huo ni umoja wa aina gani? Ufa ulikuwepo tangu 1939. Kilichokuwa kipya ni ruhusa ya kuutaja.

21. Kwa wanaosema uwazi peke yake ndio uliua, nawapa tarehe tatu. Machi 1991 kulikuwa na kura ya maoni. Jamhuri 6 kati ya 15 zilisusia, lakini kati ya waliopiga kura, kama asilimia 76 walitaka muungano uendelee ukiwa umerekebishwa. Hata Ukraine, kama asilimia 70 walikubali, ingawa walitaka pia mamlaka zaidi kwao wenyewe. Hii ni miaka kadhaa ndani ya uwazi.

22. Tarehe ya pili ni 19 Agosti 1991. Kundi la wakubwa waliotaka kufunga ule mlango lilimzuilia Katibu Mkuu kwenye nyumba yake ya likizo, likapeleka vifaru Moscow, na runinga ikawa inaonyesha densi ya baleti. Mapinduzi yalisambaratika kwa siku 3.

23. Ya tatu ni 1 Desemba 1991. Ukraine ile ile ikapiga kura ya uhuru na zaidi ya asilimia 90 wakasema tunatoka. Kabla mwezi haujaisha, bendera ya Sovieti ilikuwa imeshushwa. Kati ya Machi na Desemba kilichobadilika si kiasi cha uwazi. Watu walikuwa wameona kwamba walichopewa kinaweza kunyang'anywa asubuhi moja kwa vifaru.

24. Hapo ndipo naona kosa lenyewe. Kwa miaka mingi uwazi wa Sovieti ulikuwa hisani ya mtu mmoja. Ukiritimba wa Chama ulitolewa kwenye katiba Machi 1990, na sheria ya kuondoa udhibiti wa magazeti ikapitishwa Juni 1990. Wakati huo rafu zilishakuwa tupu na imani imeisha. Ukweli ukicheleweshwa hulipwa na riba, kama deni lolote.

25. Na riba ililipwa na mwananchi. Januari 1992 Urusi iliachilia bei, akiba za wazee zikayeyuka. Kufikia 1994 wastani wa umri wa kuishi wa mwanamume Mrusi ulikuwa chini ya miaka 60. Sisherehekei kuvunjika kwa nchi ya mtu. Nauliza tu kama hilo deni lilikopwa na waliosema ukweli ama na waliouficha.

26. Najua kuna mtu tayari anaandika "Na China je?" China ilirekebisha uchumi kuanzia 1978 na ikafunga midomo, sawa. Lakini China hiyo hiyo, kati ya 1958 na 1961, ilipitia njaa iliyoua mamilioni ya watu, na sababu moja kubwa ilikuwa maafisa kuripoti mavuno ya nafaka yasiyokuwepo. Serikali ikachukua nafaka kulingana na ripoti, mkulima akabaki na ghala tupu. Wao pia walikuwa na yao hewa.

27. Kwetu je? Sovieti ilikuwa na kifungu cha 6 kilichokipa Chama ukiritimba. Sisi tulikuwa na kifungu cha 2A tangu 1982. Chetu kilifutwa Desemba 1991, mwezi ule ule Sovieti ilikufa. Vita Baridi viliisha, na wafadhili waliokuwa wakifumba macho wakasitisha misaada mipya Novemba hiyo. Lakini wenyewe tulikuwa tumeshapiga kelele, Saba Saba ilikuwa 1990. Tuliambiwa pia kwamba nchi itavunjika. Tumeumia, tena si mara moja, lakini nchi ipo.

28. Tofauti yetu na Wasovieti ni kwamba sisi tuna kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010: raia ana haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali. Kuna hata sheria yake ya 2016. Si zawadi ya mtu. Ila haki isiyodaiwa inarudi kuwa hisani polepole, bila hata mtu kuifuta.

29. Kwa hivyo siku nyingine mtu akikwambia mkataba fulani, deni fulani ama ripoti fulani ikiwekwa wazi nchi itatikisika, usibishane naye kuhusu Moscow. Muulize: kuna nini ndani cha kututikisa, na kimekuwa humo tangu lini?

Mwisho wa uzi. Anayeona nimekosea alete tarehe.