Wavu wa Golden Gate: fundi akianguka, tumuulize nani?

Ukipita kwenye saiti ya ghorofa hapa mjini, mara nyingi utakuta bango la "Usalama Kwanza" lenye picha ya kofia ngumu, buti na glovu. Hebu jiulize, bango hilo linaongea na nani? Linaongea na kibarua. Mkandarasi, mhandisi na mwenye jengo hawamo kwenye picha. Mtazamo huo una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko Marekani, miaka ya 1930.

Mwaka 1931 H. W. Heinrich, mfanyakazi wa kampuni ya bima ya Travelers, alichapisha kitabu kuhusu kuzuia ajali viwandani. Alikuwa amepitia kumbukumbu za ajali 75,000 hivi. Hitimisho lake: asilimia 88 zilisababishwa na vitendo vya hatari vya wafanyakazi, asilimia 10 na mazingira ya hatari, na asilimia 2 hazikuweza kuzuilika. Namba hizo zilienea sana, na hadi leo bado zinatajwa kwenye semina za usalama. Lakini kumbukumbu zenyewe ziliandikwa na nani? Zilitoka kwenye mafaili ya madai ya bima na ya wenye viwanda. Anayejaza fomu ni msimamizi, na ni msimamizi gani ataandika "nilimpa jukwaa bovu"? Anaandika "uzembe", kazi imeisha. (Kwa haki yake, Heinrich mwenyewe alihimiza pia mashine ziwekewe vikinga. Waliomfuata ndio waliong'ang'ania ile 88.)

Sasa twende upande wa pili wa Marekani, San Francisco. Januari 1933, miaka miwili tu baada ya kitabu kile, ujenzi wa daraja la Golden Gate ulianza. Kipindi hicho watu wa ujenzi wa madaraja walikuwa na kanuni ya mdomo: kila dola milioni 1 inayotumika, tarajia kifo kimoja. Daraja lile liligharimu kama dola milioni 35. Fanya hesabu mwenyewe.

Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, hakuikubali hesabu hiyo. Kofia ngumu zikawa lazima, na aliyefanya mbwembwe juu ya vyuma alifukuzwa kazi. Waliokuja na uchovu wa pombe walipewa maji ya kabichi iliyochachushwa, sijui kama yalisaidia! Hayo yote bado yalimlenga kibarua. Kilichokuwa tofauti kabisa kilikuja mwaka 1936: wavu wa kamba uliotandazwa chini ya daraja lote, ukazidi upana wake kwa mita 3 hivi kila upande. Uligharimu kama dola 130,000, yaani chini ya nusu ya asilimia moja ya gharama yote.

Ona wavu ulivyofikiri, kama naweza kusema hivyo. Haukumwambia fundi asianguke. Ulikubali kwamba binadamu anayefanya kazi juu ya vyuma vilivyolowa ukungu, upepo wa bahari ukimpiga, siku moja atateleza tu. Watu 19 waliangukia humo wakapona, wakaanzisha klabu yao wenyewe na kuipa jina linalomaanisha "nusu njia kwenda jehanamu".

Hata hivyo wavu haukuwa muujiza. Oktoba 1936 mtu mmoja aliuawa na mtambo wa kunyanyulia mizigo ulioanguka. Halafu tarehe 17 Februari 1937 jukwaa la tani 5, ambalo mafundi walilitumia kutoa mbao zilizoshikilia zege, lilichomoka na kuuchana wavu. Watu 12 walitumbukia baharini pamoja nalo, kutoka zaidi ya mita 60. Wawili tu walipona. Wavu ulikadiriwa kwa uzito wa mtu; jukwaa la tani 5 lilikuwa hatari nyingine, iliyohitaji uamuzi mwingine, na uamuzi huo hauko mikononi mwa aliyesimama juu ya jukwaa.

Waliokufa jumla ni 11. Jumlisha na wale 19 waliodakwa, unapata 30, si mbali sana na ile 35 ya kanuni ya mdomo. Sisemi huo ni ushahidi wa kisayansi, ila unafikirisha: watu waliendelea kuanguka, kilichobadilika ni kilichokuwa chini yao.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Hebu nitajie kitendo kimoja cha kibarua, iwe kutovaa kofia au kupanda bila mkanda, kinachoweza kuangusha ghorofa 16.

Watafiti wa usalama leo hupanga hatua kwa ngazi. Kwanza ondoa hatari yenyewe. Ikishindikana, weka njia isiyo hatari sana. Kisha weka kizuizi kama ule wavu, halafu kanuni na mafunzo. Kofia, buti na glovu, vile vilivyojaa kwenye bango, vinakuja mwisho.