Utii Uliogeuzwa Boma: Bibi Brilliana Harley, 1643

Mnamo tarehe 26 Julai 1643 askari wa Mfalme Charles wa Kwanza, wapatao 700, waliizingira ngome ya Brampton Bryan katika wilaya ya Herefordshire, Uingereza. Mwenye nyumba, Sir Robert Harley, alikuwa London, mjumbe wa Bunge lililokuwa vitani na Mfalme. Aliyebaki nyumbani ni mkewe, Brilliana, pamoja na wanawe watatu wadogo na majirani wachache waliokimbilia humo. Karibu wakuu wote wa wilaya walikuwa upande wa Mfalme. Hata wapangaji walikuwa wamekwisha kukatazwa kumlipa kodi.

Masimulizi ya vita hivyo hupenda kuhesabu mizinga. Lakini silaha ya kwanza ya Bibi huyu ilikuwa maneno. Alipotakiwa na Sir William Vavasour aitoe ngome, alijibu kuwa nyumba ni ya mumewe, naye ameachiwa aitunze tu. Hana ruhusa ya kuitoa pasipo amri yake. Akaongeza kwamba hawezi kuamini kuwa Mfalme, aliyeahidi kuzilinda sheria, ndiye aliyewatuma askari wale. Jibu hili lastahili kutazamwa kwa makini. Sheria ya Kiingereza ya zama hizo ilimnyima mke mamlaka juu ya mali. Brilliana aliishika sheria hiyo hiyo akaigeuza boma. Watu waliojidai kupigania utii wangemlaumuje mke kwa kumtii mumewe?

Hakuwa mjinga wa hila. Katika barua kwa mwanawe Edward alimfundisha kubandika juu ya waraka karatasi iliyokatwa matundu, ili maneno ya kweli tu yaonekane.

Mizinga haikunyamazishwa na hoja: kanisa na nyumba za kijiji ziliteketezwa. Hata hivyo ngome ilisimama kwa wiki kama saba, hadi askari walipoondoka mwanzoni mwa Septemba. Brilliana alifariki kwa maradhi mwishoni mwa Oktoba. Ngome ilizingirwa tena, ikaanguka mwezi Aprili 1644. Watoto wakachukuliwa mateka, jumba likabomolewa.

Barua kwa Edward, kwa kuwa zilikwisha kupelekwa mbali, zilisalimika. Zilichapishwa mwaka 1854, na tahajia yake Bibi, aliyeandika kama alivyosema.